Walio Chini ya Mlima

Jioni ya leo nina swali la kijana wa Nyamiaga, hapa Ngara. Ameona kwenye simu picha za watu wakitembea kwa miguu katika milima ya Himalaya, nchi ya mawe matupu na baridi, yenye vijiji ambavyo mgeni haruhusiwi kuvikanyaga bila kibali maalumu. Anauliza mambo mawili. Mlima unafungwaje, na kwa nini? Na je, huku kwetu kuna kitu cha namna hiyo, au ni mambo ya mbali?

Kipo, mwanangu, tena jirani. Ukipanda gari Ngara ukapita Karagwe, ukavuka mto Kagera pale Murongo kuingia Kikagati, ukaendelea hadi Mbarara na kisha Kasese, unaufikia. Unaitwa Rwenzori. Umekaa juu ya mpaka wa Uganda na Kongo, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109. Ni wa tatu kwa urefu Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Uko karibu mno na mstari wa ikweta, na juu yake kuna barafu.

Nianze na hilo la kufunga. Zile picha alizoziona kijana wetu huenda ni za Mustang ya Juu, kaskazini mwa Nepal, nchi inayopakana na Tibet. Hadi mwaka 1992 mgeni hakuwa na ruhusa ya kwenda kutembea huko. Sababu ilikuwa mpaka. Kuanzia 1960 hadi 1974 wapiganaji wa Kitibeti walijificha katika mabonde yale wakivuka kwenda kupigana na majeshi ya China, na serikali ya Kathmandu haikutaka macho ya mgeni katika jambo hilo. Walipofungua, walifungua nusu mlango: kibali cha mamia ya dola kwa siku kumi, na sharti la kuongozana na kiongozi aliyesajiliwa.

Mtu wa Ngara hahitaji kufundishwa jambo la mpaka. Sisi tunaishi kwenye pembe ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zinakutana, pale Ruvubu inapoungana na mto unaotoka Rwanda na maji yakashuka Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu. Benaco, walikopiga kambi, ikageuka mji kwa usiku mmoja. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka vilima vilivyokuwa na miti na jinsi vilivyobaki baada ya miezi michache. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, kwani mtu aliyekimbia kifo anahitaji kuni. Ninachosema ni kwamba tunajua siku ambayo kilima chako mwenyewe kinakuwa mahali pa askari, pa malori ya misaada, pa amri kutoka mbali. Kwa hiyo yaliyowapata watu wa Rwenzori tunaweza kuyaelewa bila mkalimani.

Wanaoishi chini ya mlima ule upande wa Uganda ni Wakonjo, na upande wa Kongo ni ndugu zao Wanande. Kwa Wakonjo, huko kwenye theluji ndiko anakoishi Kitasamba, mwenye mlima. Wamelima miteremko ile, wamewinda, wamekata mianzi, wamepita njia za juu kwenda kuona ndugu zao upande wa pili tangu hapajakuwa na mtu wa kuwauliza kitambulisho. Mwaka 1991 serikali ya Uganda iliufanya mlima kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1994 UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia. Vizuri. Lakini kuanzia hapo mwindaji akawa jangili, na mtu aliyekwenda kuomba kwa Kitasamba akajikuta mbele ya askari wa wanyamapori.

Kisha ikaja vita. Waasi wa Uganda wa kundi la ADF waliingia katika milima ile kutoka Kongo, na tarehe 8 Juni 1998 walikishambulia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakachoma mabweni yenye wanafunzi ndani. Waliokufa ni kama themanini. Hifadhi ilikuwa imefungwa tangu 1997, na haikufunguliwa hadi 2001. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1999 na kuitoa 2004. Fikirini miaka hiyo kwa macho ya mpagazi wa Nyakalengija, kijiji ambacho safari za kupanda zinaanzia. Mtalii wa Ulaya alibadili tiketi akaenda Kilimanjaro. Mpagazi alikwenda wapi? Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko ule ule ambao waasi walikuwa wakipita usiku. Familia nyingi zilishuka kwenda kulala kambini.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mlima ukifungwa, habari tunazosikia ni za walioukosa kutoka mbali. Ukifunguliwa, majina tunayoyasikia ni ya waliofika kutoka mbali. Wanaoishi chini yake hawaandikwi mara ya kwanza wala mara ya pili, ilhali ndio waliobeba mizigo katika safari zote.

Chukueni safari ya mvumbuzi Stanley. Mwaka 1887 aliandika Unguja wapagazi zaidi ya mia sita kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Wengi wao walikufa msituni Kongo. Waliobaki ndio waliokuwa naye Mei 1888 alipoiona theluji ya Rwenzori. Juni 1889 afisa wake mmoja, Luteni Stairs, alijaribu kuupanda mlima akafika zaidi ya mita 3,000. Hakupanda peke yake. Alikuwa na Wazanzibari wapatao arobaini, watu wa pwani waliozoea joto, wakilala kwenye baridi ile na nguo nyepesi. Jina la Stairs limo vitabuni. Ya wale arobaini, watu waliozungumza lugha hii hii ninayozungumza sasa, hakuna anayeyataja. Msafara ule ulirudi pwani kwa kupita Karagwe na kusini mwa Ziwa Victoria, ukaingia Bagamoyo Desemba 1889. Kwa hiyo watu waliokanyaga Rwenzori walipita nchi hii ya kwetu na miguu yao ikiwa na vidonda.

Na si hao tu. Huyo huyo Emin Pasha, mwishoni mwa 1890, ndiye aliyeanzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba. Mwaka uliofuata yeye na mwanasayansi Franz Stuhlmann waliondoka Bukoba, wakakatiza Karagwe, wakaelekea Ziwa Edward. Juni 1891 Stuhlmann aliupanda mlima kutoka upande wa magharibi hadi kiasi cha mita 4,000. Mojawapo ya safari za mwanzo kabisa za Wazungu kwenye mlima ule ilianzia mkoani Kagera, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi.

Aliyefika juu kabisa alikuwa mwana wa kifalme wa Italia, Mtemi wa Abruzzi, tarehe 18 Juni 1906. Vilele akavipa majina: Margherita kwa malkia wa Italia, Alexandra kwa malkia wa Uingereza. Milima mingine ikaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, na mmoja ukapewa jina lake mwenyewe. Wakonjo waliomvusha mizigo bonde la Mobuku hadi kwenye mwamba wa Bujongolo, mahali alipopiga kambi kuu karibu na mita 3,800, hawakupewa hata kilima kimoja. Linaniuma jambo hili, na sioni kwa nini nilifiche.

Sasa, njia yenyewe ikoje? Maana huenda kijana wetu angetaka kujua pia kama mtu wa kawaida anaweza kwenda. Anaweza. Mwafrika Mashariki hulipa ada ndogo kuliko mgeni wa mbali katika hifadhi za Uganda. Chukua pasi yako ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na uweke akiba ya kutosha kumlipa kiongozi na wapagazi, kwa sababu huruhusiwi kupanda peke yako, na usitake kupanda peke yako.

Njia ya kati huanzia Nyakalengija, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, yaani chini kidogo ya vilima vyetu virefu vya Bugufi. Siku ya kwanza ni msitu: miti mikubwa, nyani, kinyonga mwenye pembe tatu, na joto linalokudanganya. Unalala Nyabitaba. Kesho yake unavuka daraja pale mito Mobuku na Bujuku inapokutana, na kuanzia hapo ardhi inaacha kuwa ardhi. Kuna mianzi, halafu miti mirefu ya erika iliyofunikwa ndevu za kuvu, halafu matope ya Bigo. Matope haya ndiyo yanayoutofautisha Rwenzori na mlima wowote mwingine niliowahi kuukanyaga. Mtu haendi na viatu vya ngozi vya fahari. Anavaa gumbuti, anaruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kichuguu kingine, akikosea anazama hadi gotini. Mvua hunyesha karibu kila siku. Hata miezi wanayoiita ya kiangazi, Januari na Februari au Juni hadi Agosti, koti la mvua halikauki.

Juu ya mita 3,500 mimea inageuka. Lobelia ambazo kwingine ni maua ya kukatwa kwa kisu hapa zinasimama kumpita mtu kimo. Senesio zina mashina kama ya migomba na majani yaliyokufa yanaachwa yakining'inia shinani kuukinga mti na baridi ya usiku. Huko kila siku ni kiangazi mchana na kila usiku ni kipupwe, na mimea imejifunza kuishi hivyo. Kisha ziwa Bujuku, kisha kibanda cha Elena kwenye mwamba mtupu, mita 4,541, na alfajiri unafungwa kamba kiunoni kuvuka barafu.

Wengi hawafiki, na hakuna aibu. Karibu na kilele, hewa unayoivuta ni kama nusu ya ile ya pwani kwa nguvu yake. Kichwa kinauma, chakula kinakataa, usingizi haushiki. Hayo ni ya kawaida ukipanda haraka. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kuhema hata akiwa amekaa, maji yanajaa kwenye ubongo au kwenye mapafu, na dawa ya kwanza ni moja: ashushwe, usiku huo huo, mvua ikinyesha isinyeshe. Anayemshusha mgongoni ni mpagazi.

Niliwatazama wapagazi wale njiani. Mmoja, mzee wa kutosha kuwa baba yangu, alikuwa na gumbuti zilizopasuka kisiginoni, amezifunga kwa kamba ya katani. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini asivae zile mpya zilizofungwa juu ya mzigo wake. Akaniambia, "Hizo ni za mgeni, mwanangu. Zake zikipasuka avae hizo." Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, alichojifunza akiwa kijana sokoni Bwera, mpakani. Alikuwa amefanya kazi ile tangu kabla hifadhi haijatangazwa.

Kilimanjaro, ambako vijana kadhaa wa Kagera wamekwenda kutafuta kazi hiyo na kuitwa wagumu, sheria inasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Kuna chama kilichoanzishwa mwaka 2003 kinachoazima wapagazi makoti na viatu na kuhesabu kama posho imewafikia. Hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalikuja kwa sababu watu walikufa kwa baridi na wengine wakakataa kunyamaza. Himalaya nako ilikuwa vivyo. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka Everest ikaua watu kumi na sita, wote Wanepali waliokuwa wakiwapelekea wapandaji vifaa. Wenzao waligoma, msimu wa upande wa Nepal ukafungwa. Safari hiyo waliofunga mlima ni waliobeba mizigo.

Kuna kisa kingine cha Himalaya ambacho ningependa watu wa Biharamulo na wa kata zinazopakana na pori la Kimisi wakisikilize vizuri. Chini ya mlima Nanda Devi, India, kuna kijiji kinaitwa Reni. Mwaka 1974 wanawake wa Reni, wakiongozwa na Gaura Devi, waliikumbatia miti yao mbele ya mashoka ya mkandarasi, wakaiokoa. Dunia nzima ikawasifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bonde lililo juu yao likatangazwa hifadhi na likafungwa: hakuna mpandaji, hakuna mpagazi, hakuna kondoo wa kwenda malishoni. Waliookoa msitu wakawa wa kwanza kukatazwa kuingia. Ilichukua karibu miaka ishirini kabla wanavijiji hawajaruhusiwa kuongoza wageni pembezoni mwa hifadhi. Na tarehe 7 Februari 2021 mwamba na barafu viliporomoka huko juu, mafuriko yakashuka bondeni yakaua watu kama mia mbili. Uharibifu ulianzia hapo hapo Reni.

Rwenzori pia hushuka kwa waliozuiwa kuupanda. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika kutoka juu ukabomoa nyumba za Kasese na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwenye mkeka wa mianzi aliyekatazwa kukata mianzi ndiye aliyepoteza nyumba.

Sisemi hifadhi zifutwe. Nimeona kilima cha Benaco, najua kilima kisicho na mwenyewe kinakuwaje. Ninachodai ni hesabu. Uganda sheria inaagiza asilimia 20 ya ada ya kuingia getini ipelekwe kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Sikilizeni vizuri: ada ya getini. Fedha kubwa ya kupanda mlima, ya kiongozi, ya vibanda, haimo katika hesabu hiyo. Rwanda, jirani zetu wa ng'ambo ya Rusumo, walipopandisha kibali cha kuona sokwe hadi dola 1,500 mwaka 2017, walipandisha pia sehemu ya wanavijiji kutoka asilimia tano hadi kumi ya mapato. Unaweza kusema kumi ni kidogo. Lakini ni namba, imeandikwa, mwenyekiti wa kijiji anaweza kuisimamia kwenye mkutano akauliza iko wapi.

Sisi hapa, mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Mipaka mingi ya vijiji vyetu sasa ni mipaka ya hifadhi ya taifa, na sheria ya hifadhi ya taifa ni kali kuliko ya pori la akiba. Mfugaji anajua, mrina asali anajua. Basi tuulize mapema: waongozaji watatoka wapi? Kijana wa Nyamiaga aliyemaliza kidato cha nne, anayejua majina ya ndege kwa Kihangaza na Kishubi, atapata mafunzo hapa Kagera au ataambiwa nafasi zimejaa watu waliosomea kwingine? Vijiji vinavyopoteza mizinga yao vitapata shilingi ngapi, kwa kila mgeni, imeandikwa wapi? Madiwani wanaonisikiliza, swali hili ni lenu.

Tena muda si mrefu. Mtemi wa Abruzzi alipofika mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba sita. Karne moja baadaye ilikuwa imebaki kama kilomita ya mraba moja tu. Mwaka 2022 UNESCO ilisema kwamba barafu ya Rwenzori, ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro itakuwa imekwisha kufikia 2050. Njiani kwenda Margherita wameweka ngazi za chuma pale ambapo barafu ilikuwa inakanyagika na sasa imeacha ukuta wa jiwe. Wageni wengi hupanda kwa ajili ya theluji ya ikweta, na theluji ikiisha baadhi yao hawatarudi. Yule mzee wa gumbuti zilizopasuka ana wajukuu wanaosomeshwa kwa mzigo anaoubeba. Wakala wa wanyamapori, makampuni ya kupandisha wageni na Rwenzururu, ufalme wa Wakonjo, wanapaswa kukaa sasa na wapagazi wenyewe mezani, kupanga kazi itakayobaki: misitu, ndege, maziwa ya juu, njia za zamani za kuvuka kwenda kwa Wanande pindi amani itakaporuhusu. Na wakipanga, waanze na viatu.